Nia ya Baba Haimtoshi Mtoto: Wazazi wa Kiislamu na Kiingereza cha Vijana Wetu

Na Mwalimu wa Madrasa, Ihanda, Karagwe

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyemfundisha Adam majina ya vitu na akamjaalia mwanadamu ulimi wa kubainisha yaliyomo moyoni mwake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Sahaba zake na kila aliyefuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo.



Kila mwaka ifikapo Januari, vijana wetu wanapoingia kidato cha kwanza, liko jambo moja linalorudi katika baraza za misikiti yetu ya Karagwe na Kyerwa. Jambo hilo ni Kiingereza. Mzazi ametoa akiba yake ya fedha za kahawa na maharage, amenunua sare, madaftari na viatu, naye anatarajia kuyaona matunda. Baada ya mwaka mmoja au miwili humwita kijana wake mbele ya wageni na kumwambia, "Hebu sema Kiingereza tukusikie." Kijana huinamisha kichwa. Mzazi hughadhibika, humtajia mtoto wa jirani aliyevushwa Murongo kwenda kusoma Uganda, na humkumbusha mbele ya watu gharama zote zilizotumika. Kijana huondoka na fedheha, na kesho yake Kiingereza huwa kimezidi kuwa kizito kuliko jana.

Haya si mambo madogo. Kijana wa miaka kumi na minne au kumi na mitano anayekata tamaa na masomo huanza kwa kuichukia lugha, akafuatia kulichukia darasa, na mwisho huona kwamba kukaa nyumbani karibu na baba yake ni adhabu. Wapo walioacha shule kwa njia hiyo. Wapo pia walioacha madrasa kwa sababu mzazi aliona saa za Qur'an zinakula saa za tuisheni. Kwa hiyo suala la Kiingereza limeshakuwa suala la malezi, na malezi ni amana tutakayoulizwa mbele ya Allah (S.W.). Mtume (S.A.W.) ametufahamisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Wazazi wanayo hoja

Kabla ya kuwalaumu wazazi, uadilifu unatutaka tukiri kwamba hofu yao ina msingi. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Mtoto husoma hesabu, sayansi na maarifa ya jamii kwa lugha anayoielewa, na Kiingereza hukipata kama somo moja miongoni mwa masomo. Akishafaulu darasa la mwisho, mambo hupinduka kwa siku moja. Sekondari masomo takriban yote hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, yakibaki machache tu, kama Kiswahili chenyewe. Ni sawa na mtu aliyefundishwa kutembea njia ya nchi kavu miaka yote, kisha siku moja akafikishwa ukingoni mwa mto Kagera na kuambiwa avuke kwa kuogelea.

Wataalamu wa nchi yetu waliliona tatizo hili zamani. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 nayo ikafungua mlango wa lugha zote mbili kutumika, lakini mtihani wa kidato cha nne ungali unamsubiri kijana wetu kwa Kiingereza. Mzazi hawezi kumzuilia mtoto wake shule mpaka wakubwa wamalize mjadala wa lugha.

Tena sisi wa Kagera tunaishi mpakani. Kule Uganda Kiingereza kimetawala shule kwa muda mrefu, na Rwanda iliamua mwaka 2008 kukifanya lugha yake ya kufundishia. Mfanyabiashara anayevuka daraja kwenda Kikagati huona kwa macho yake kijana wa rika la mwanawe akiandika risiti na kuzungumza na wageni bila wasiwasi. Mzazi huyo akirudi nyumbani akiwa na hofu, hatuna haki ya kumcheka.

Na iko sababu nyingine inayotuhusu sisi Waislamu hasa. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na wazee wetu wengi walihofia watoto wao kubatizwa wakiwa darasani, hivyo wakawazuilia. Hofu ile ilikuwa na sababu zake, lakini matokeo yake tumeyarithi. Kwa hiyo baba wa leo anaposema mwanawe hatarudi nyuma kama alivyorudishwa nyuma babu yake, anasema neno zito. Lengo lake ni jema. Makala haya yanazungumzia njia anayoitumia kulifikia.

Matunda ya kubana

Mwanachuoni mkubwa Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 Hijria (1406 Miladia), aliandika katika Muqaddima yake mlango mzima juu ya madhara ya ukali kwa wanafunzi. Maana ya maneno yake ni kwamba anayelelewa kwa kulazimishwa na kukandamizwa hupungukiwa na uchangamfu wa nafsi, huwa mvivu, na hujifunza uongo na hila kwa kuikimbia mikono ya anayemkandamiza, mpaka hila hizo zikawa ndiyo tabia yake. Zimepita zaidi ya miaka mia sita, na bado anayetaka ushahidi aangalie madaftari ya vijana wetu.

Atamkuta kijana amenakili ukurasa mzima wa baiolojia bila kosa, naye hajui sentensi moja ina maana gani. Atamkuta mwingine amekariri insha tatu za Kiingereza alizoandikiwa na kaka yake, akiomba usiku na mchana moja kati ya hizo tatu itoke katika mtihani. Akiulizwa na baba kama ameelewa, hujibu ndiyo, kwa sababu jibu la hapana lina adhabu. Baba hulala akiwa na furaha. Matokeo ya kidato cha pili yakitoka, furaha ile hugeuka matusi. Kijana hapo amejifunza jambo moja tu kwa ukamilifu, nalo ni kumficha baba yake ukweli.

Liko dhara jingine linaloumiza zaidi. Katika baadhi ya shule, mwanafunzi anayekutwa akizungumza Kiswahili huvishwa kibao shingoni ili achekwe na wenzake. Mtoto huyo akirudi nyumbani, hukutana na mama anayemwamkia kwa Kinyambo. Tunadhani atayachukuliaje maneno ya mama yake? Allah (S.W.) ametaja katika Surat Rum, aya ya 22, kwamba kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni katika ishara zake, na akaliweka jambo hilo pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Na katika Surat Ibrahim, aya ya 4, ametufahamisha kwamba hakumtuma Mtume yeyote ila kwa lugha ya watu wake, ili awabainishie. Basi lugha ya mama ni ishara ya Allah, na haifai mtoto wa Kiislamu afundishwe kuionea haya kwa ajili ya lugha nyingine yoyote, iwe Kiingereza au hata Kiarabu.

Tusisahau pia hali ya mabinti zetu. Binti hurudi shule saa kumi jioni, akakabidhiwa ndoo ya maji, ndizi za kumenya na mdogo wake wa kubeba. Taa ikishawashwa, kaka yake hukaa na kitabu, yeye hukaa na vyombo. Matokeo yakija baba huuliza kwa ukali kwa nini Kiingereza cha binti ni dhaifu. Huko ni kudai mavuno kwenye shamba ambalo mtu mwenyewe amelizuilia mvua.

Nia haiazimwi

Ndugu Waislamu, dini yetu imeyajenga matendo yote juu ya nia. Kila anayesoma hadithi arubaini huanza na hiyo. Na katika hukumu za nia inayojulikana kwa kila mwanafunzi wa fiqhi ni kwamba baba hawezi kumnuilia mwanawe aliyebaleghe sala ya Adhuhuri. Anaweza kumwamsha, kumwekea maji ya udhu na kumwongoza hadi msikitini, lakini takbira ni ya mtoto mwenyewe. Kijana wa sekondari kwa kawaida ameshafikia umri huo wa kuandikiwa mema na mabaya yake. Iwapo Sheria imemtambua kuwa ni mtu mwenye nia yake katika ibada, iliyo kubwa kuliko mambo yote, inakuwaje katika masomo tumchukulie kama mzigo unaosafirishwa kwa nia ya mwingine?

Kujifunza lugha ni jambo la nia hasa. Ibn Khaldun huyo huyo ameeleza kwamba lugha ni malaka, yaani uwezo unaokaa katika nafsi kwa kusikia na kutumia mara kwa mara mpaka ukawa kama tabia. Fimbo inaweza kumfanya mtu alime mita kumi leo. Haiwezi kumfanya arudie maneno ya lugha ngeni kila siku kwa miaka minne, akiwa peke yake, huku akikosea na kujirekebisha. Kazi hiyo haifanywi ila na anayeitaka.

Wataalamu wa zama zetu wamefikia karibu na hapo kwa njia yao. Zoltán Dörnyei, mzaliwa wa Hungary aliyesomesha chuo kikuu huko Uingereza, alieleza mwaka 2005 kwamba anayejifunza lugha ya pili husukumwa na mambo matatu: sura ya mtu anayetamani yeye mwenyewe kuwa, sura ya mtu ambaye wengine wanamtaka awe, na hali anayokutana nayo katika kujifunza kwenyewe. Tukijipima kwa maneno hayo, tutaona kwamba wazazi wengi tunaijenga ile sura ya pili peke yake. Tunamwambia kijana sisi tunataka nini, jirani atasema nini, ukoo utaaibika vipi. Sura ya kwanza, ile ya moyoni mwake, hatujawahi kumuuliza. Na ya tatu, yaani hali ya kujifunza kwake, tunaiharibu kwa dhihaka zetu mbele ya wageni.

Hebu tumwangalie Nabii Ibrahim (A.S.). Alipewa amri na Mola wake kuhusu mwanawe, amri isiyo na mjadala. Pamoja na hayo, Surat As-Saffat, aya ya 102, inatueleza kwamba alimwendea kijana, akamweleza alichokiona, na akamtaka aangalie naye anaonaje. Kijana akajibu jibu la subira na utiifu. Ibrahim alikuwa na amri ya Allah na bado alimshauri mwanawe. Sisi tuna mtihani wa kidato cha nne tu, na hatuna dakika tano za kumuuliza kijana anaonaje?

Mifano ya waliojifunza

Wa kwanza ni Zayd bin Thabit (R.A.). Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina, Zayd alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja hivi, akaletwa na watu wake huku wakimsifu kwa sura za Qur'an alizokwisha kuzihifadhi. Imepokewa na Tirmidhi kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi, na kwamba haukupita nusu mwezi ila alikuwa ameyamudu. Baadhi ya wazazi huchukua hadithi hii kuwa hoja ya kuamuru. Ni kweli kwamba ilikuwa amri. Lakini tazameni ilivyotolewa. Mtume (S.A.W.) alimweleza sababu, kwamba alihitaji mtu wa kumtegemea katika barua zake. Kisha akampa kazi yenyewe: tangu hapo Zayd ndiye aliyemwandikia na kumsomea. Kijana alipewa amri, sababu, imani na kazi kwa pamoja. Sisi mara nyingi tunatoa amri peke yake.

Wa pili ni Sibawayh, imamu wa sarufi ya Kiarabu, ambaye asili yake ni Mfursi. Alikuwa Basra akisoma hadithi kwa Hammad bin Salama, akakosea i'rabu ya neno moja mbele ya mwalimu wake, na mwalimu akamsahihisha. Sibawayh aliazimia kutafuta elimu ambayo hatakosolewa tena ndani yake. Akamfuata Khalil bin Ahmad, na matokeo yake ni kile kitabu ambacho wanafunzi wa Kiarabu duniani wanakirejea mpaka leo. Mgeni wa lugha alikuja kuwa mwalimu wa wenye lugha. Mwalimu wake alilisahihisha neno bila kumdharau aliyelikosea, na azma iliyofuata ilitoka kwa Sibawayh mwenyewe.

Wa tatu ni wa pwani yetu na wa zama zetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, mwanaislahi aliyetoa magazeti ya Sahifa na Al-Islah mwanzoni mwa miaka ya 1930 na baadaye kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitamani mwanawe Ali asome Al-Azhar. Sheikh alifariki mwaka 1947, Ali akiwa na miaka kumi na minne. Kijana yule alipofanya mtihani wake wa sekondari alipata daraja la tatu, na Makerere haikumchukua. Akawa karani katika chuo cha ufundi cha Waislamu pale Mombasa. Siku moja akahutubia kwa Kiingereza katika hafla ya kuadhimisha kuzaliwa kwa Mtume (S.A.W.), na gavana wa Kenya alikuwa miongoni mwa waliosikiliza. Kutokana na hapo akafunguliwa njia ya kwenda kusoma Uingereza mwaka 1955. Alirudi Makerere akiwa profesa katika chuo kile kile kilichomkataa, na mwaka 1986 dunia ikamtazama katika vipindi vyake vya televisheni kuhusu Afrika na urithi wake wa aina tatu, Uislamu ukiwa mmojawapo. Alifariki mwaka 2014.

Tunaweza kutofautiana na Profesa Ali Mazrui katika baadhi ya mawazo yake, lakini mzazi mwenye busara atazingatia mambo mawili katika habari hii. La kwanza, daraja la tatu halikuwa mwisho wa kijana yule, kwa hiyo tusiwahukumu watoto wetu kwa karatasi moja ya matokeo. La pili, Kiingereza chake kilimfungulia mlango siku alipokuwa na jambo la kusema, na jambo lenyewe lilikuwa la Mtume wake.

Na hapa kwetu Karagwe historia ina ushahidi wake. Speke, msafiri wa Kiingereza, alipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, ameandika kwamba mfalme alimpokea kwa maamkizi ya Kiswahili kizuri. Wakati ule hakukuwa na shule hapa. Walikuwepo wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani waliopita Tabora wakafika mpaka huku na kuweka kituo Kafuro. Mfalme alikuwa na haja ya kuzungumza nao, akazungumza. Mwenye haja na lugha huikamata lugha.

Majibu kwa wenye shaka

Wako watakaosema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Na wengine, "Samaki mkunje angali mbichi." Maneno hayo ni ya hekima na hatuyapingi. Lakini waliosema samaki akunjwe hawakusema avunjwe. Mzazi apange saa za kusoma na saa za kulala, azuie matembezi ya usiku, aichukue simu wakati wa masomo, akague madaftari. Hiyo ni nidhamu, na kijana anaihitaji kama mgomba unavyohitaji nguzo. Matusi, kulinganisha na kufedhehesha viko nje ya nidhamu.

Wengine hutoa hoja ya hadithi ya sala, kwamba mtoto aamrishwe akiwa na miaka saba na aadhibiwe akiwa na kumi akiacha. Tunawajibu kwamba hadithi hiyo ni ya sala, nguzo ya dini, na ndani yake kuna miaka mitatu ya kufundisha kabla ya kutajwa adhabu. Wanavyuoni nao wameiwekea adhabu hiyo masharti ya kutoumiza na kutotia alama. Kuichukua na kuipeleka kwenye makosa ya vitenzi vya Kiingereza ni kiasi kisichokuwa na illa. Aliyetuletea hadithi hiyo ndiye huyo huyo ambaye Anas bin Malik (R.A.), aliyemtumikia tangu utotoni kwa miaka kumi, ameshuhudia kwamba hakuwahi kumwambia hata "uff", wala kumuuliza kwa nini umefanya hivi au kwa nini hukufanya vile. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim.

Upande wa pili wako ndugu zetu wachache wanaosema kwamba Kiingereza ni lugha ya makafiri na muda wa kijana wa Kiislamu usipotezwe humo. Hawa tunawakumbusha habari ya Zayd (R.A.). Lugha ni chombo, na hukumu ya chombo hufuata kinachobebwa. Waislamu wengi duniani leo wanazungumza Kiingereza, na tafsiri ya Qur'an ya Abdullah Yusuf Ali, iliyoanza kuchapishwa Lahore mwaka 1934, imewafikia watu ambao Kiarabu hakikuwafikia. Hospitali zetu zinahitaji madaktari wa kike wa Kiislamu, na hakuna anayefika huko bila kupita katika lugha hiyo.

Na wanaowatoa watoto madrasa kwa ajili ya tuisheni tunawaambia kwamba wamebadilisha kikubwa kwa kidogo. Kuijua Fatiha na hukumu za tohara ni fardhi ya kila mmoja. Zaidi ya hayo, mtoto aliyezoea kukaa mbele ya msahafu, akarudia aya mara ishirini, akasahihishwa matamshi na kurudia tena, tayari ana adabu ya kujifunza lugha yoyote. Hata hivyo walimu wa madrasa nao waambiwe ukweli. Vyuo vinavyomfanya mtoto akariri bila kuelezwa maana, huku fimbo ikiwa juu ya kichwa chake, vinapanda tatizo lile lile ambalo shule huja kulivuna katika Kiingereza.

Tufanye nini?

Kwanza, mzazi akae na kijana wake, amwambie sababu yake kwa upole, kisha amuulize yeye anataka kuwa nani. Akisema fundi wa magari, amwonyeshe kwamba vitabu vya magari vimeandikwa kwa Kiingereza. Akisema mwanachuoni, amwambie kwamba da'wa ina haja na lugha hiyo. Luqman katika nasaha zake alimwita mwanawe "ewe mwanangu mdogo", kwa jina la mapenzi, na ndipo akamwusia mambo mazito.

Pili, mzazi asiyejua Kiingereza asijione hana la kufanya. Amwambie kijana amweleze kwa Kiswahili, au kwa Kinyambo, alichofundishwa leo katika jiografia. Akiweza kukieleza, amekielewa. Akishindwa, wote wawili wamejua pale pa kuanzia, bila ugomvi.

Tatu, tuache kabisa kuwalinganisha watoto mbele ya watu. Kijana alinganishwe na alivyokuwa mwezi uliopita. Maneno matano mapya kwa siku ni zaidi ya elfu moja na mia nane kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, binti apewe saa yake ya taa na kitabu kama kaka yake, na kaka afundishwe kuosha vyombo. Mtume (S.A.W.) alikuwa katika kazi za nyumbani kwake, kama alivyosimulia Bi Aisha (R.A.).

Tano, msikiti ufanye kazi yake. Katika safu zetu za sala wamo walimu wa sekondari, wauguzi na wastaafu wanaojua Kiingereza. Kamati za misikiti ziwaombe jioni mbili kwa wiki, baada ya Magharibi, wakae na vijana wa kidato cha kwanza na cha pili kwa ajili ya Allah (S.W.), mabinti wakiwa na mwalimu wao wa kike na kusindikizwa nyumbani. Pawekwe rafu yenye kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, ile ya TUKI inatosha, na vitabu vyepesi vya hadithi. Kijana apewe kazi ya kweli: aandike kwa Kiingereza muhtasari wa khutba ya Ijumaa, asome mbele ya wenzake watano, asahihishwe bila kuchekwa. Hapo atakuwa na la kusema na wa kumsikiliza.

Sita, viongozi wa madrasa na wazazi wakae pamoja wapange ratiba, ili tuisheni na Qur'an visigombanie saa moja. Jambo hili linahitaji kikao kimoja tu cha watu wenye nia njema.

Ndugu zangu, tunawatakia watoto wetu kheri, na hilo halina shaka. Lakini mtoto hawezi kuivaa nia ya baba yake kama anavyovaa kanzu aliyonunuliwa. Tumsaidie aipate yake. Akiipata, Kiingereza atajifunza, na masomo mengine atajifunza, na sisi tutabaki na kijana anayetupenda na kutuombea dua tukiwa makaburini. Akijifunza lugha zote kwa kutuchukia, tutakuwa tumepata nini?

Tunamwomba Allah (S.W.) awajaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, atuzidishie sisi na wao elimu yenye manufaa, na atupe upole katika kuwalea, kwani Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba upole haukai katika kitu ila hukipamba, wala hauondolewi ila kitu hicho huharibika.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.